Boksi Lisilofunguka ni Hasara ya Mnunuzi

Soko la vifaa vya intaneti katika vitongoji vya Dar es Salaam limechangamka. Kuanzia Mbagala Rangi Tatu na Tandika, wilayani Temeke, hadi Mwananyamala, Tandale na Tegeta, wilayani Kinondoni, si ajabu tena kukuta duka la vinywaji, saluni au kibanda cha kutuma fedha kikiwa na karatasi mlangoni inayotangaza kwamba wifi inauzwa. Mwenye duka amenunua kifurushi, ameweka rauta juu ya kabati, na anauza vocha za saa, za siku na za wiki.

Ni biashara halali na yenye faida, na safu hii inawapongeza walioianzisha bila kusubiri mkopo wa benki. Hata hivyo, katika ununuzi wa vifaa vyenyewe wafanyabiashara hawa wanapoteza fedha ambayo wangeweza kuiokoa kwa swali moja tu.

Mnunuzi wa kawaida anapofika Kariakoo huuliza mambo matatu: bei, umbali ambao mawimbi yanafika, na waranti. Swali la nne haliulizwi: je, programu iliyomo ndani ya boksi hili inaweza kubadilishwa na mtu mwingine asiyekuwa kiwanda kilichoitengeneza?

Swali hilo si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Ni swali la mtaji.

KOMPYUTA ISIYO NA KIOO

Kwanza tuelewane juu ya bidhaa yenyewe. Rauta ni kompyuta. Haina kioo wala kibodi, lakini ina prosesa, ina memori, na ina ghala dogo la kuhifadhia programu. Prosesa yake mara nyingi ni ya jamii ya MIPS au ARM, aina zilizopata umaarufu kwa kula umeme kidogo na kugharimu fedha kidogo, tofauti na zile kubwa zilizozoeleka katika kompyuta za mezani. Imepachikwa ndani ya kifaa ili ifanye kazi moja, na mwenye kifaa huenda asijue kabisa kwamba ipo.

Kompyuta yoyote inahitaji mfumo wa uendeshaji. Katika rauta nyingi zinazouzwa duniani, mfumo huo umejengwa juu ya Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Tangu mwaka 1992 Linux imetolewa chini ya leseni iitwayo GPL. Kwa lugha ya biashara, leseni hiyo inasema hivi: yeyote ana ruksa kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, lakini anayesambaza kifaa chenye programu hiyo anawajibika kuwapatia wateja wake msimbo wa asili, yaani maandishi yaliyotumika kuitengeneza. Ndiyo maana inaitwa programu huria.

Watanzania si wageni wa habari hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wengi wakati ule walitarajia kwamba programu huria ingeingia nchini kwa mlango wa mbele, katika kompyuta za ofisini na mashuleni. Mambo hayakwenda hivyo. Iliingia kwa mlango wa uani: ndani ya rauta, ndani ya kamera za ulinzi, ndani ya ving'amuzi, na ndani ya simu za Android, ambazo kiini chake ni Linux. Leo mkazi wa Mtoni kwa Aziz Ali ambaye hajawahi kusikia neno Linux huenda anazo Linux tatu au nne chini ya paa lake.

Tatizo ni kwamba viwanda vingi vimeichukua programu hiyo huria na kuifungia ndani ya boksi. Mnunuzi anapewa mashine, funguo zinabaki kiwandani.

SOMO LA TOYOTA

Wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanajua vizuri sana hasara ya kitu kilichofungwa, ila wameizoea katika magari tu.

Kwa nini Toyota iliyotumika Japani miaka kumi bado ina mnunuzi hapa? Si kwa sababu ni gari zuri kuliko yote duniani. Ni kwa sababu vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga. Gari la kifahari ambalo lazima lipelekwe kwa wakala mmoja linaporomoka bei siku ile ile linapotoka bandarini. Mnunuzi wa gari analipia uwezekano wa kulitengeneza kesho, na analipia uwezekano wa kuliuza keshokutwa.

Kwa rauta, kamera na maboksi mengine ya umeme, mnunuzi yule yule anasahau elimu yake yote. Ananunua kitu ambacho kikipoteza programu yake, au kiwanda kikiacha kukihudumia, hakuna fundi wa kukigusa. Vyuma vyake ni vizima, taa zinawaka, lakini thamani yake imekwisha.

Boksi lisilofunguka lina thamani kamili siku moja tu, nayo ni siku linaponunuliwa.

SOKO LILIVYOAMUA MARA MOJA

Kuna kisa kinachostahili kufundishwa katika vyuo vya biashara. Kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa rauta iitwayo WRT54G mwishoni mwa mwaka 2002. Machi 2003 kampuni kubwa ya Cisco ikatangaza kuinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Katikati ya mwaka huo huo watumiaji waligundua kwamba ndani ya WRT54G kulikuwa na Linux, lakini msimbo wake haukuwa umetolewa kama leseni inavyotaka. Baada ya malalamiko, msimbo ulitolewa.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wenye kampuni. Watu waliuchukua msimbo ule, wakaurekebisha, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo wa uendeshaji huria wa rauta ambao upo mpaka leo. Boksi la nyumbani la bei nafuu likaanza kufanya kazi zilizokuwa zikifanywa na mashine za bei mbaya: kugawa kasi ya intaneti kwa haki, kuunganisha ofisi mbili kwa njia salama, kuendesha vituo vya wifi vya kulipia.

Mwaka 2005 Linksys walijaribu kupunguza gharama. Toleo la tano la WRT54G lilikuja na mfumo mwingine wa uendeshaji usiokuwa huria, na memori ikapunguzwa kwa nusu. Jina na sura ya boksi vilibaki vile vile. Wateja wakalalamika. Kampuni ikalazimika kurudisha vifaa vya zamani chini ya jina jipya, WRT54GL, herufi ya mwisho ikiwakilisha Linux, na ikaviuza kwa bei ya juu zaidi. WRT54GL iliendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 10, muda ambao katika biashara ya vifaa vya kompyuta ni sawa na karne.

Somo liko wazi. Soko liliwekewa maboksi mawili yanayofanana, moja limefungwa na moja linafunguka. Wanunuzi wenye kujua walilipa zaidi kwa lile la zamani linalofunguka. Kufunguka ni sifa yenye bei, kama ilivyo injini isiyolewa mafuta.

HESABU ZA MWENYE DUKA

Tuchukue mfano wa hesabu tu, bila kudai kwamba ndizo bei za wiki hii. Mwenye kituo cha wifi Tandika ananunua rauta tano kwa Sh. 60,000/= kila moja. Ni za aina iliyofungwa. Baada ya miaka miwili kiwanda kimeacha kutoa masahihisho ya programu, rauta zinakwama kila jioni wateja wanapokuwa wengi, naye anazitupa. Kila rauta imemgharimu Sh. 30,000/= kwa mwaka. Kwa tano ni Sh. 150,000/=.

Jirani yake ananunua rauta tano za bei ile ile, lakini za aina inayokubali OpenWrt. Baada ya miaka miwili anamwita fundi, anamlipa Sh. 15,000/= kwa kila boksi, na maboksi yanatumika miaka mitatu zaidi. Jumla kwa boksi ni Sh. 75,000/= kwa miaka mitano, yaani Sh. 15,000/= kwa mwaka. Kwa tano ni Sh. 75,000/=. Gharama imeshuka kwa nusu, na ile Sh. 15,000/= ya fundi imebaki mtaani Temeke badala ya kwenda kununua boksi jingine kutoka ng'ambo.

Tuliosoma hesabu za biashara tunaita jambo hili uchakavu. Mashine inayochakaa kwa miaka mitano ni nafuu kuliko inayochakaa kwa miwili hata kama bei ya dukani ni moja. Kinachochakaza rauta zetu mara nyingi si vumbi wala joto la pwani. Ni uamuzi wa ofisi fulani ya mbali kwamba toleo lile halitahudumiwa tena.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka. Wateja wengi wa vocha wanalalamika kwamba mmoja akipakua filamu, wengine wote wanakwama. Mfumo huria una zana za kupanga foleni ya intaneti ili mpakuaji mmoja asiwameze wenzake. Mwenye kituo anaweza kuwahudumia wateja wengi zaidi kwa kifurushi kile kile. Na faili la kuweka mfumo huo katika rauta ndogo ni la megabaiti chache tu, ambalo halimalizi hata kifurushi cha siku.

BOKSI LILILOTELEKEZWA NI HATARI

Wapo watakaosema: rauta yangu ya zamani bado inafanya kazi, masahihisho ya nini? Jibu linapatikana katika matukio mawili.

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilivamia kamera za ulinzi, mashine za kurekodi picha na rauta nyingi duniani, vifaa vidogo vilivyokuwa vikiendesha Linux. Iliingia kwa njia rahisi mno: ilijaribu maneno ya siri yale yale yaliyowekwa na kiwanda, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Vifaa hivyo vikageuzwa jeshi la kushambulia mitandao mikubwa. Wenye kamera hawakujua lolote.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya rauta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vinapendwa sana na wauza wifi. Mfumo wake umejengwa juu ya kiini cha Linux, ingawa sehemu kubwa iliyobaki si huria. Kasoro ilipogunduliwa, kampuni ilitoa sahihisho upesi mwezi Aprili. Lakini miezi kadhaa baadaye rauta zaidi ya laki mbili duniani zilikuwa zimetekwa na kutumiwa kuwachimbia wahalifu sarafu za kidijitali, kwa sababu wenye rauta hawakuwa wameweka sahihisho hilo.

Haki inatutaka tuseme ukweli wote hapa. Linux kuwemo ndani ya boksi hakukuzuia maafa hayo. Programu huria si hirizi. Kinacholinda boksi ni mtu wa kulihudumia. Pale kiwanda kinapohudumia, mwenye boksi awajibike kuweka masahihisho. Pale kiwanda kinapotelekeza, boksi lililofungwa limekufa huku likitembea, na lile linalofunguka linaweza kupata mlezi mwingine. Hiyo ndiyo tofauti, na inatosha.

UMEME UKIKATIKA

Hali yetu ina jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo havilitilii mkazo. Nalo ni kukatika kwa umeme. Wafanyabiashara wanakumbuka mgawo wa mwaka 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 kuingia mapema 2024, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingiza umeme katika gridi.

Kompyuta inayozimwa ghafla wakati inaandika inaweza kuharibu kumbukumbu zake. Wanaotumia Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi iliyotoka Uingereza Februari 2012 kwa dola 35, wanalijua jambo hili: kadi ya memori inaharibika na kompyuta haiwaki tena. OpenWrt imepangwa kwa namna nyingine. Mfumo wenyewe umebanwa katika sehemu isiyoandikika, na mabadiliko ya mtumiaji yanakaa katika tabaka la pembeni. Tabaka hilo likivurugika, mwenye boksi analifuta na kurudi mwanzo bila kupoteza mfumo. Aidha, lipo lango la dharura la kuwashia boksi ambalo mipangilio yake imeharibika.

Basi anayetaka kuweka Raspberry Pi kama ghala la masomo la shule au kama msimamizi wa vocha, ahakikishe mambo mawili: betri ya akiba, na mpangilio unaopunguza kuandika kwenye kadi. Vifaa hivi vinakula umeme kidogo kiasi kwamba betri ndogo inavimudu kwa saa kadhaa. Kwa mtumiaji wa LUKU anayehesabu kila uniti, hilo si jambo la kupuuza.

SI KILA BOKSI LIFUNGULIWE

Safu hii haihubiri uholela. Yapo maboksi yaliyofungwa kwa sababu za msingi. Mita ya LUKU si mali ya kuchezewa. Mashine ya kutoa risiti za kodi, EFD, iliyoletwa na TRA kuanzia mwaka 2010, ina programu ambayo mfanyabiashara haruhusiwi kuigusa, na ndivyo inavyopasa, maana risiti isiyoaminika si risiti.

Vifaa vya mawasiliano navyo vina mwenyewe. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, TCRA ndiyo inayosimamia ubora wa vifaa hivyo na leseni za huduma. Wafanyabiashara wa simu hawajasahau Juni 2016, mamlaka hiyo ilipozima simu bandia nchini. Anayebadilisha programu ya rauta ili kupandisha nguvu ya mawimbi kupita kiwango anamwingilia jirani na anavunja taratibu. Anayeuza intaneti kwa umma bila leseni naye yuko upande mbaya wa sheria, hata kama programu yake ni huria kiasi gani.

Lakini hoja ya mawimbi isigeuzwe kisingizio cha kufunga kila kitu. Marekani walikwisha kulipitia hilo. Baada ya masharti mapya ya mawimbi, baadhi ya viwanda vilifunga rauta nzima nzima. Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilipokubaliana na mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, kulipa dola 200,000 kwa makosa ya nguvu za mawimbi, ilikubali pia kushirikiana na watengenezaji wa programu huria ili mifumo yao iweze kuwekwa katika rauta zake. Maana yake ni kwamba mdhibiti anaweza kulinda mawimbi bila kumnyang'anya mnunuzi haki ya kutengeneza mali yake. TCRA nayo ikipanga masharti ya vifaa izingatie mfano huo.

KAZI INAYOWASUBIRI MAFUNDI

Kila anayejua Kariakoo anajua mafundi wa simu wanaofleshi. Simu iliyogoma kuwaka inaunganishwa na kompyuta, inawekewa programu upya, na mteja anaondoka akitabasamu. Ujuzi wa kuweka OpenWrt katika rauta unatofautiana kidogo tu na ule. Fundi anahitaji kompyuta ya kawaida, waya wa mtandao, na kwa maboksi yaliyogoma kabisa, kifaa kidogo cha kuunganisha na pini zilizomo ndani ili asome boksi linasema nini linapowaka.

Sababu inayofanya mafundi wasifanye kazi hii ni kwamba hakuna mteja aliyeiomba. Na mteja haiombi kwa sababu hajui kwamba inawezekana. Soko la namna hii linahitaji mtu wa kuanza.

Temeke kuna chuo cha VETA Chang'ombe. Kinondoni kuna ndaki ya teknolojia ya habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, na jirani yake COSTECH. Kozi fupi ya wiki chache ya kutengeneza na kuhudumia rauta ingejaza darasa upesi, na mhitimu wake asingehitaji ofisi wala mtaji mkubwa. Rauta chakavu zinazotupwa na maofisi ya mjini zingekuwa vifaa vyake vya kujifunzia.

Majirani zetu walishathubutu hata zaidi ya hapo. Mwaka 2013 vijana wa Nairobi waliokuwa Ushahidi walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwa njia ya mtandao ili kutengeneza BRCK, rauta yenye betri yake, iliyobuniwa kwa mazingira ya umeme wa kukatika na intaneti ya kusuasua. Iliendeshwa kwa Linux. Hawakuanza kwa kubuni mfumo wa uendeshaji, kazi ambayo ingewamaliza fedha zote. Walichukua ulio huria, wakaweka akili yao katika sehemu ambayo wao ndio walioijua vizuri, yaani shida za Mwafrika Mashariki. Hapo ndipo ilipo faida ya msingi ya programu huria kwa nchi yenye mtaji mdogo: mtu anaanzia ghorofa ya tatu, si kwenye msingi.

USHAURI KWA WANUNUZI NA WAAGIZAJI

Mnunuzi anayekwenda sokoni afanye yafuatayo.

Kwanza, asome lebo ya chini ya boksi, si picha ya juu. Jina la rauta halitoshi. Namba ya toleo, ambayo huandikwa kwa herufi V au maneno kama Ver, ndiyo inayoeleza kilichomo ndani. Kisa cha WRT54G ni ushahidi, na TP-Link TL-WR841N, boksi maarufu la bei nafuu, limetoka katika matoleo zaidi ya kumi yanayotofautiana kwa ndani.

Pili, aulize memori. Mradi wa OpenWrt wenyewe unashauri ghala la megabaiti 16 na memori ya megabaiti 128 au zaidi. Maboksi mengi ya zamani ya TL-WR841N yana 4 na 32, na toleo la 19.07 ndilo lililokuwa la mwisho kuyahudumia rasmi. Kwa hiyo urahisi una mpaka wake. Boksi dogo mno litakufa hata mikononi mwa programu huria.

Tatu, atafute jina na toleo la boksi katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt kabla ya kutoa fedha. Kazi hiyo inachukua dakika tano kwa simu. Kwa jumla maboksi yenye prosesa za MediaTek na Qualcomm Atheros yana bahati nzuri zaidi kuliko yale ya Broadcom, ambayo programu huria ya mawimbi yake ni haba.

Nne, akubali hatari yake kwa macho wazi. Kubadilisha programu kunaweza kufuta waranti, na umeme ukikatika katikati ya kazi boksi linaweza kugoma. Aanze na boksi moja, si matano, na fundi atumie betri.

Kwa waagizaji wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou, hapa kuna nafasi ambayo haijachukuliwa. Kontena la rauta mia tano za aina moja, toleo moja, zinazojulikana kwamba zinafunguka, lina thamani kuliko kontena la rauta za bei ya chini zaidi zilizochanganywa. Muuzaji atakayebandika karatasi dukani kusema "hii inakubali OpenWrt, na fundi wetu yupo" atapata wateja wa kudumu badala ya wapita njia. Tangu Novemba 2024 ipo hata rauta iitwayo OpenWrt One, iliyobuniwa na mradi wenyewe na kutangazwa kwa dola 89. Kwa kibanda cha Mbagala ni ghali. Kwa shule, zahanati au ofisi inayotaka boksi la miaka mingi, inastahili kupigiwa hesabu.

Mwisho, kwa halmashauri na taasisi zinazonunua kwa zabuni. Waraka wa zabuni unaotaja kasi na bei tu unaalika takataka. Uongezewe masharti mawili: muuzaji aseme kwa maandishi masahihisho ya programu yatatolewa hadi mwaka gani, na aseme kama mnunuzi anaruhusiwa kuweka mfumo mwingine baada ya mwaka huo. Atakayeshindwa kujibu ameshajibu.

Mali ni ile unayoweza kuitengeneza, kuiuza au kuirithisha. Kisichofanya moja ya hayo ni kodi inayolipwa kwa kiwanda, kila baada ya miaka miwili, kwa jina la bei nafuu. Wafanyabiashara wa Temeke na Kinondoni hawakubali kodi za namna hiyo kwa magari yao. Hawana sababu ya kuzikubali kwa maboksi yaliyo juu ya makabati yao.